Maji yanatoka kiduchu kwenye gari la kempingi, pampu nimebadilisha na bado

Msafiri_Njiro (mtoa uzi)

Wakuu habari za kazi. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa maji na wenye ujuzi wa umeme wa gari, maana hili jambo limeshanila hela na sasa linaniharibia jina.

Nina Land Cruiser hardtop, ile ndefu, nimeigeuza kuwa gari la kulala porini. Juu ya paa kuna hema la kukunja, nyuma kuna jiko la gesi, friji ya volti 12 na sinki dogo. Tangi la maji ni la plastiki, lita 80, limekaa juu ya tao la tairi la nyuma, limezibwa na ubao. Pampu ni ya volti 12, aina ile yenye diaframu na swichi ya presha yake yenyewe: ukifungua koki inanguruma, ukifunga inakata. Kwenye kibandiko imeandikwa lita 11.3 kwa dakika, inakata ikifika psi 45. Kutoka pampu maji yanagawanyika, njia moja koki ya sinki, nyingine mpira wa kuogea wa nje kwenye mlango wa nyuma.

Gari nalikodisha kwa wageni wanaoendesha wenyewe. Mzunguko ni ule ule wa siku zote, Arusha, Karatu, Ngorongoro, Seronera na kurudi. Tangu Juni makundi matatu yamerudi na lalamiko moja: maji hayana nguvu. Mama mmoja aliniambia alibaki na povu la shampuu kichwani pale Seronera, mumewe kashika mpira juu ya kichwa chake, maji yanadondoka tone kwa tone, ikabidi amwagiwe kwa kikombe kutoka kwenye chupa za kunywa. Nilimrudishia sehemu ya hela yake na nilimwomba radhi, lakini moyoni niliumia. Nimelijenga hili gari kwa miaka miwili.

Nilichofanya mpaka sasa: nimesafisha chujio dogo la mbele ya pampu. Nimekagua mipira yote kama kuna mahali imejikunja, hakuna. Mwisho nikanunua pampu mpya, shilingi 280,000. Kundi lililofuata likarudi na maneno yale yale.

Kinachonichanganya ni hiki. Nikijaza tangi hapa nyumbani Njiro nikafungua koki, maji yanatoka vizuri. Likienda porini yanakuwa kiduchu. Nimefika mahali nawafikiria vibaya wageni, kwamba labda kuna kitu wanagusa. Nisaidieni.

Kijana_wa_Karatu

Mkuu hilo ni vumbi tu. Kutoka lango la Loduare kupita Naabi mpaka Seronera vumbi linaingia hadi kwenye saa ya mkononi. Au ni urefu wa mlima. Simba kempu pale ukingoni mwa kreta ni zaidi ya mita 2,300, hewa nyepesi, pampu zinachoka. Mimi ningefunga pampu kubwa zaidi.

Bintifundi_Kisauni

Salaam. Mimi ni fundi wa mabomba, niko Mombasa, kazi nimefunzwa na marehemu babangu. Magari ya kulala nimeyatengeneza mawili matatu ya watu wanaoshuka pwani kutoka Nanyuki.

Ndugu yangu, kabla hujatoa shilingi nyingine, usinunue kitu. Pampu umeshainunua bila kupima, na kosa hilo sikulaumu, wengi hufanya. Lakini "maji hayana nguvu" ni lalamiko linalobeba magonjwa matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Kuna ugonjwa wa upande wa kuvuta, yaani tangi mpaka pampu. Kuna wa upande wa kusukuma, pampu mpaka mfereji, yaani koki. Na kuna wa umeme. Ukijua uko upande gani, nusu ya kazi imekwisha.

Nijibu haya:

Kwanza, chukua ndoo ya lita 10 na simu. Fungua mfereji wote, uone ndoo inajaa kwa muda gani. Usiniambie "vizuri" wala "kiduchu", nipe dakika na sekunde.

Pili, mfereji ukiwa wazi pampu inalia vipi? Inanguruma moja kwa moja bila kukata, au inakata na kuwaka, inakata na kuwaka?

Tatu, ukifunga mfereji, inanyamaza baada ya muda gani? Na ikishanyamaza, inawaka tena yenyewe bila mtu kugusa kitu?

Nne, sinki na mpira wa kuogea vyote ni dhaifu, au kimoja?

Tano, na hili ndilo nalitaka zaidi: wageni wanasema maji ni dhaifu saa zote, au yana wakati wake?

Kuhusu urefu wa mlima, Kijana wa Karatu, hewa ya mita 2,300 ni kama robo tatu ya hewa ya huku kwetu pwani. Hilo linamsumbua mtu anayevuta maji kutoka kisima kirefu. Pampu ya gari iliyo chini ya tangi lake, maji yanaifuata yenyewe, haitachoka kwa mlima wa namna hiyo.

Msafiri_Njiro

Dada asante sana kwa kunipa mpangilio. Pampu iko sakafuni, chini ya tangi, kwa hiyo maji yanashuka kuifuata.

Nimepima sasa hivi. Tangi limejaa: ndoo ya lita 10 imejaa kwa dakika 1 na sekunde 50. Kusema kweli nilidhani ni haraka zaidi.

Pampu inanguruma moja kwa moja, haikati. Nikifunga koki inanyamaza baada ya sekunde mbili tatu, na haiwaki tena yenyewe. Nimesubiri dakika 20, kimya.

Sinki na mpira vyote sawa.

La tano nimempigia simu mgeni wa mwisho, bado yuko Zanzibar. Amesema maneno haya: asubuhi wakishajaza tangi maji ni mazuri, wanaosha vyombo bila shida. Jioni yanakuwa membamba. Kesho yake wakijaza, yanarudi.

Mzee_wa_Nyaya

Vijana hamjambo. Niko Moshi, umeme wa magari nimeufanya zaidi ya miaka 30. Nasikia "asubuhi nzuri, jioni mbaya" na nafikiria betri. Mchana kutwa friji inakula, jioni volti zimeshuka, mota ya pampu inazunguka pole pole. Mota hizi za sumaku mwendo wake unafuata volti. Ukiipa 10 badala ya 12 inazunguka, utaisikia, lakini haina kifua.

Pima volti kwenye waya za pampu yenyewe, koki ikiwa wazi. Si kwenye betri. Na si pampu ikiwa imezimwa, maana waya mbovu usiobeba mzigo unaonyesha volti kamili na utadanganyika.

Bintifundi_Kisauni

Shikamoo mzee. Umeme lazima tuupime, nakubali, na hiyo dakika 1 na sekunde 50 na tangi likiwa limejaa tayari inasema kuna kitu kinapungua. Pampu ya lita 11.3 kwa dakika haitoi zote hizo ikipita kwenye mpira na mfereji, lakini ingejaza ndoo hiyo karibu na dakika moja na robo.

Ila sikilizeni maneno ya mgeni. Hakusema "betri ikishuka". Amesema wakijaza tangi, yanarudi. Kujaza tangi kunafanya mambo mawili: maji yanaongezeka, na kifuniko kinafunguliwa.

Msafiri, tangi lako linapumulia wapi?

Msafiri_Njiro

Kuna mpira mwembamba unatoka juu ya tangi, unapita nyuma ya ubao, unatokea chini ya gari karibu na tairi la nyuma. Fundi aliyenifungia ndivyo alivyoweka. Sijawahi kuugusa.

Bintifundi_Kisauni

Basi fanya jaribio hili leo, usingoje kesho. Jaza tangi, funga kifuniko barabara. Fungua mfereji, anza kumwaga ndoo baada ya ndoo (maji usitupe, mwagilia hata maua), na kila ndoo andika muda wake. Ukifika ndoo ya nne au ya tano, bila kuzima kitu, mtu mwingine alegeze kifuniko cha tangi. Wewe kaa kwenye mfereji uangalie maji.

Mnajua dumu la mafuta ya kula la lita 20 ukilimimina, linavyofanya gudu-gudu-gudu? Hapo linatafuta hewa. Maji hayatoki mahali mpaka hewa iingie mahali pake. Tangi lililozibwa pumzi pampu inaweza kulivuta, lakini kila lita inayotoka inaacha utupu mkubwa zaidi nyuma, na pampu inazidi kupigana na tangi badala ya kukuletea maji.

Mtanzania_Houston

Naingia kidogo wakuu. Mimi naishi kwenye trela hapa Texas mwaka wa tatu, viwanja vya huku unaunganisha mpira wako na bomba la kiwanja, kwa hiyo pampu yangu hulala muda mwingi. Presha kwangu ilishuka mwaka jana na nilihangaika wiki nzima. Kilichonipoteza ni geji. Nilifunga geji pale mpira unapoingia kwenye trela, ikasoma psi 55, nikasema presha ipo, tatizo liko ndani ya trela. Nikafungua ubao, nikakagua viungo vyote, bure.

Jirani mmoja mzee akaniambia fungua koki huku unaangalia geji. Nilipofungua, sindano ikaanguka mpaka 15. Kumbe koki ikiwa imefungwa hata tundu la sindano litapandisha presha mpaka juu, lina muda wote duniani. Kosa lilikuwa kwenye regyuleta, kile kidude cha shaba cha bei rahisi kinachozuia presha ya kiwanja isipasue mabomba ya trela. Tundu lake ni dogo na ndani kilikuwa na mchanga. Nikanunua ile kubwa inayorekebishika, nikaiweka psi 50. Siku hiyo nilioga mpaka maji ya moto yakaisha.

Na kama una hita: maji baridi yakiwa na nguvu na ya moto hayana, usiguse pampu. Angalia vali ya kuzuia maji kurudi pale maji ya moto yanapotokea, huwa inakwama.

Najua gari la Msafiri halina bomba la kiwanja wala hita, kwa hiyo dawa yangu si dawa yake. Ila lile la kupima maji yakiwa yanatembea linafanana na alilosema mzee wa Moshi kuhusu volti.

Mzee_wa_Nyaya

Linafanana kabisa. Kitu kisichobeba mzigo hakikuambii ukweli wake.

Msafiri_Njiro

Wakuu, nimerudi. Nimefanya jaribio na mdogo wangu. Naandika mikono bado imelowa.

Ndoo ya kwanza: dakika 1, sekunde 50.
Ya pili: dakika 2, sekunde 5.
Ya tatu: dakika 2, sekunde 40.
Ya nne: dakika 4, sekunde 10.

Kwenye ndoo ya nne sauti ya pampu ilibadilika. Mwanzoni ilikuwa inanguruma kwa uzito, sasa ikawa inalia kama inakwaruza, na maji yakaanza kutema hewa, pyu, pyu, halafu yananyooka tena. Nilitoa ubao nikaliangalia tangi. Ubavu wake ulikuwa umebonyea ndani, bonde la kuingia kiganja changu chote. Sijawahi kuliona hivyo kwa sababu siku zote nalitazama likiwa limetoka kujazwa.

Mdogo wangu akalegeza kifuniko. Kilimkatalia kwanza, kimeng'ang'ania. Kilipoachia, tangi lilivuta pumzi. Nasema kweli lilivuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji, fyuuu ndefu, na ule ubavu ukarudi mahali pake kwa kishindo, bumu. Maji kwenye koki yakanyooka papo hapo. Ndoo ya tano, kifuniko kikiwa wazi: dakika 1, sekunde 50.

Dada Kisauni, sina maneno.

Bintifundi_Kisauni

Alhamdulillah. Sasa lala chini ya gari ukautazame huo mpira wa pumzi. Puliza kwa mdomo kutoka upande wa tangi. Halafu niambie jambo moja: kifuniko hicho ni cha zamani au umebadilisha?

Msafiri_Njiro

Nimelala chini. Mpira hauna hewa kabisa, nimepuliza mpaka masikio yanauma. Nimekata sentimita 10 za mwisho. Ndani umejaa udongo mgumu, laini kama wa mfinyanzi, umepangwa kwa vyumba vidogo vidogo, na kwenye kila chumba kuna ganda kavu la mdudu. Nyigu. Wale weusi wenye kiuno chembamba wanaojenga kwa udongo kwenye kona za dari. Gari lilikuwa limelala uani Aprili na Mei yote kwa sababu ya masika, wageni hakuna. Wao wakaona tundu la milimita 8 lenye giza na ukavu, wakahamia.

Na kifuniko ndiyo, nimebadilisha mwishoni mwa Mei. Kile cha zamani kilikuwa kinamwaga maji kwenye barabara mbovu, godoro lilikuwa linalowa. Nikanunua kipya chenye mpira mnene wa kuziba. Nilikifurahia sana.

Bintifundi_Kisauni

Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Kifuniko kibovu ndicho kilichokuwa kinalipumulisha tangi lako. Hata mpira wa pumzi ungezibwa mwaka juzi, usingejua, hewa ilikuwa inapenya kwenye kifuniko. Ulipoweka kizuri, ukalifunga tangi pua na mdomo.

Na ile kutema hewa: utupu ulipozidi, hewa ikaanza kupenya kwenye kiungo fulani upande wa kuvuta. Kiungo hicho hakivuji maji kwa nje, ndiyo maana hukukiona. Upande wa kuvuta uovu wake hauonekani kwa unyevu, unasikika kwa pampu. Pitia klipu zote kutoka tangi mpaka chujio, kaza kwa bisibisi, na ufungue kikombe cha chujio uangalie oringi yake, ule mpira wa duara wa kuziba. Ikiwa bapa au imepasuka badilisha. Barabara zenu zile zinalegeza kila kitu.

Mpira wa pumzi usiurudishe chini ya gari. Upandishe juu kuliko tangi, karibu na dari, uupindishe mdomo utazame chini, kisha ufunge kipande cha wavu wa mbu kwa klipu. Usitumie kitambaa wala sponji, vumbi litajaa na utarudi hapa. Na ukubwa ungeongeza: milimita 8 inatosha kwa kutoa maji, lakini wakati wa kujaza kwa mpira wa kiwanja hewa inatakiwa kutoka kwa haraka zaidi. Mimi huweka 12.

Kijana_wa_Karatu

Nimejifunza. Ila bado nauliza, kwa nini tusiondoe pampu kabisa, tukaweka tangi juu ya paa? Nyumbani simtanki liko juu na maji yanashuka bila umeme.

Bintifundi_Kisauni

Swali zuri, na watu wengi huliuliza. Hesabu yake ni nyepesi: maji yakiwa juu kwa mita 10 yanakupa baa 1, ambayo ni psi 14 na nusu hivi. Paa la gari ni mita 2 kutoka ardhini. Mpira wa kuogea ukiushika juu ya kichwa, tofauti inabaki nusu mita au chini ya hapo. Utapata maji ya kuoshea miguu na vyombo, kichwa hutakiogesha. Hata simtanki la nyumbani lililo juu ya mnara wa mita 3 watu hulalamika kwamba bafuni hayana nguvu, na hayo ni mabomba mapana.

Halafu lita 80 ni kilo 80. Juu ya paa ambalo tayari lina hema, kwenye gari refu linalopita kwenye makona ya kushuka Ngorongoro, mimi nisingekubali kulifunga hata kwa malipo.

Mzee_wa_Nyaya

Msafiri, usisahau umeme. Nyigu wamekula zile dakika 4. Lakini tangi likipumua vizuri bado uko kwenye dakika 1 na sekunde 50, na dada amesema ingepaswa kuwa dakika moja na robo. Hizo sekunde 35 ziko mahali. Chukua mita.

Msafiri_Njiro

Shikamoo mzee. Nimepima leo asubuhi, kifuniko wazi, koki wazi, pampu inafanya kazi.

Kwenye betri: 12.5
Kwenye pampu: 10.3

Mzee_wa_Nyaya

Marahaba. Volti 2.2 zimepotelea njiani. Ni nyingi. Sasa tuzitafute, na hapa usibadilishe waya bado. Weka mita kwenye volti. Ncha moja kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye waya mweusi wa pampu, koki wazi. Soma. Halafu ncha moja kwenye pozitivu ya betri, nyingine kwenye waya mwekundu wa pampu. Soma. Kwenye waya mzima unatakiwa kuona karibu na sifuri. Mita itakachokionyesha ndicho kilichoibiwa upande huo.

Msafiri_Njiro

Upande wa mweusi: 1.4
Upande wa mwekundu: 0.8

Mzee_wa_Nyaya

Nilihisi. Fuata waya mweusi mpaka unapofungwa kwenye bodi.

Msafiri_Njiro

Nimeufuata. Umefungwa kwa skrubu ya kutobolea, si bolti, kwenye bati la sakafu, juu ya rangi. Chini ya ile pete ya waya kuna kutu ya rangi ya chungwa, na rangi ya gari bado ipo nusu ya mduara. Pete yenyewe ilikuwa inazunguka kwa kidole. Nimekwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikatoboa nikaweka bolti ya milimita 6 na washa ya meno, nikapaka grisi juu yake.

Upande wa mweusi sasa: 0.1. Kwenye pampu: 11.6.

Mzee, ile ethi, yaani pale waya mweusi unapofungwa kwenye bodi, nimeipita mara kumi nikisafisha chujio. Iko shibiri moja kutoka pampu.

Mzee_wa_Nyaya

Ethi haionekani mbaya mpaka uiulize. Sasa mwekundu. Waya wake ni wa ngapi, na urefu gani kutoka betri?

Msafiri_Njiro

Nimepima kama mita 6. Ukubwa ni mwembamba, naona milimita za mraba 1.5, na njiani umeunganishwa mara mbili kwa kusokotwa na tepu.

Mzee_wa_Nyaya

Weka 4, kipande kimoja bila kiungo, fyuzi ya ampea 10 karibu na betri iwezekanavyo. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo ikae pale waya unapoanza, isikae nyuma kwenye pampu. Pitisha ndani ya mpira wa kulinda pale unapokatiza bati, maana mtikisiko wa barabara zile utaukata kama msumeno, na waya uliokatika kwenye gari lenye petroli na gesi si jambo la kusema "nitafanya kesho".

Bintifundi_Kisauni

Na ukimaliza ya mzee, kuna la mwisho la upande wa kusukuma. Kwenye ncha ya mfereji wa sinki kuna kichujio kidogo cha wavu, hufunguka kwa mkono. Na kichwa cha mpira wa kuogea nacho. Vitie kwenye siki usiku mmoja, asubuhi sugua kwa mswaki mzee. Maji ya visima vya huko juu yana chumvi nyingi, yanaziba vitundu pole pole na mtu hagundui.

Tangi pia lisafishe kwa klorini kabla wageni hawajalitumia, mpira wake wa pumzi ulikuwa na mdomo wazi kwa wadudu.

Msafiri_Njiro

Nimefanya yote, imenichukua siku mbili. Waya wa 4 umepita, pampu inasoma 12.1. Klipu mbili upande wa kuvuta nilizikaza zaidi ya mzunguko mzima, zilikuwa zimelegea kweli, na oringi ya chujio ilikuwa bapa, nimeweka mpya. Kichujio cha koki kilikuwa na vipande vyeupe kama maganda ya yai. Mpira wa pumzi sasa ni wa milimita 12, umepanda mpaka kwenye dari na una wavu wa mbu.

Vifaa vyote jumla, waya, fyuzi, bolti, mpira, oringi, siki: shilingi 61,500. Pampu yangu ya zamani nimeifunga tena kuijaribu. Inafanya kazi sawasawa na mpya. Naiweka kwenye sanduku la vipuri, itasafiri na gari.

Yule mama wa shampuu nimemwandikia nikamweleza kilichotokea, kwamba alichoniambia ni kweli tupu na kwamba nilimfikiria vibaya. Niliona ni haki yake kujua.

Kundi jipya limeondoka leo asubuhi, siku sita. Nimewapa daftari, waandike muda wa ndoo kila jioni tangi likiwa chini ya nusu.

Mtanzania_Houston

Leta majibu mkuu. Nimeenda kuangalia mpira wa pumzi wa trela langu baada ya kusoma huu uzi. Huku nyigu wa udongo ni wengi sana, kila kwenye tundu. Wangu uko wazi, nimeufunga wavu.

Kijana_wa_Karatu

Mimi nina wateja wawili wenye magari kama hayo, wote wanalalamika jioni. Kesho naanza na kifuniko.

Msafiri_Njiro

Wamerudi jana. Daftari ninalo hapa. Simba kempu, tangi robo: dakika 1 sekunde 14. Seronera usiku wa kwanza, tangi chini ya nusu: dakika 1 sekunde 12. Seronera usiku wa tatu, tangi karibu tupu: dakika 1 sekunde 15, na pembeni wameandika kwamba watoto wawili wameoga nywele wote. Nilipofungua kifuniko gari lilipoingia getini hakikung'ang'ania, na tangi halikutoa sauti yoyote.

Mzee_wa_Nyaya

Vizuri. Ile ethi ipake grisi tena kabla ya vuli.